Uchungu Aliobeba Bi Kidawa

Siku hizi hakuna anayejifungua kwa uchungu. Kila mjamzito hupewa msaidizi wa uzazi, wakavishwa bangili pacha, na uchungu wote ukamwendea msaidizi.

Siku ya kujifungua, Nyamizi alikunywa chai huku msaidizi wake, Bi Kidawa, akipiga mayowe kitandani kando yake. Kisha Bi Kidawa akamkanda na kumpikia uji siku arobaini.

Siku ya kuagana mtoto alilia. Bi Kidawa alimpakata, mtoto akanyamaza.

“Nipe mwanangu!” Nyamizi alisema kwa wivu. Alipompokea, kilio kikaanza upya. “Bi Kidawa, alipozaliwa ulisikiaje?”

Bi Kidawa alishika tumbo lake. “Hayasimuliki, mama.”

Bi Kidawa alipotoka, Nyamizi alifunga komeo, akasikiliza. Nyayo hazikuondoka mlangoni.