Mafuta ya Kumkwamua Mama

Sufuria ilikuwa inafuka moshi, na mama amesimama kando yake, mwiko mkononi, akiitazama kama anayetazama mambo ya jirani.

"Mama! Zima jiko!" Kitinda alitoka chumbani mbio, shuka bado mabegani. Ilikuwa karibu saa sita mchana.

"Kwani mafuta ya nywele hayachemshwi?" mama aliuliza kwa upole.

Kitinda akaipua sufuria, akafungua dirisha. Majani ya mwarobaini yalikuwa yamegeuka mkaa. Alimwonea mama huruma. Yeye ndiye kitindamimba wake, na tangu kiwanda alichofanyia kazi kilipofungwa alikuwa amerudi nyumbani kumtunza. Dada zake wakipiga simu, huwajibu: "Msiwe na wasiwasi. Mama nipo naye."

Wazo la mafuta lilikuwa la mama mwenyewe. Alikuwa amelitoa mezani jana yake: watengeneze mafuta ya nywele, wauze.

"Si vizuri mtu mzima, mwenye nguvu zake, kukaa nyumbani akingoja kuletewa," alisema.

Kitinda aliguswa. "Kweli kabisa, mama. Mtegemea cha nduguye hufa maskini." Akasogeza sahani aongezewe.

"Umenena, mwanangu," mama alisema, akamwongezea.

Basi wakaanza. Mama hakuwa mwanafunzi mwepesi. Aliloweka mbegu za uwatu, akazisahau mpaka zikachacha. Alichujia kwenye chujio la chai, mafuta yakabaki na takataka. Ikabidi Kitinda aulize huku na huko, ajaribu, aharibu, ajaribu tena. Akajua kuwa majani hukaushwa kivulini mpaka yavunjike yakishikwa. Akajua kuwa chombo cha mafuta hukaa juu ya maji ya moto, si juu ya moto wenyewe, na kwamba kitambaa cha pamba hushinda kila chujio.

Mama kazi yake ikawa kupita nyuma yake na maswali ya kitoto.

"Na hizo karafuu, hazitiwi mwishoni, harufu isije ikapotea?"

"Ndivyo nilivyotaka kufanya," alijibu Kitinda, ambaye hakuwa amewaza hivyo hata kidogo.

Chupa ya kwanza ilipotoka safi, rangi ya asali, aliiinua dirishani akaitazama muda mrefu. Kesho yake aliamka kabla ya jogoo, bila kuamshwa. Mama alisikia vyombo vikigongana jikoni, akajigeuza upande wa pili, akavuta shuka.

Kuuza ndiko kulikomshinda mama kabisa.

"Naona haya," alisema. "Umri huu nianze kubisha hodi kwa watu? Nenda wewe. Kuna yule msusi wa karibu na soko, ingawa anaonekana mkali."

Kitinda alikwenda. Msusi alinusa, akapaka, akanunua, akaagiza nyingine. Wasusi wengine wakaulizia. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu kiwanda kifungwe, alirudi nyumbani bila kutazama chini. Haukupita muda mrefu akawa na mkoba wa kazi, namba yake ya simu kwenye kila chupa, na wateja wanaomwita Bwana Mafuta. Shughuli yote ilikuwa mikononi mwake, lakini moyoni aliiita biashara ya mama.

"Unaniona ninavyoendelea vizuri?" mama alikuwa akimwambia, miguu juu ya kigoda, akimenya chungwa.

"Naona, mama. Usikate tamaa tu."

Asubuhi moja alimpelekea msusi katoni nzima. Alikuta saluni haina watu wengi, akavuta kiti, akasimulia kifua mbele: jinsi mama alivyounguza majani, jinsi alivyochachisha uwatu, na subira aliyokuwa nayo yeye kumfundisha.

"Leo hii," alimalizia, "mama yangu anajitegemea."

Msusi alicheka mpaka mteja aliyekuwa akisukwa akageuza shingo. Kisha akajifuta machozi kwa upindo wa khanga.

"Mama yako ndiye aliyenifundisha mimi mafuta haya, wewe bado unanyonya," alisema. "Tena chumba changu cha kupanga kule uani ameshakulipia kodi, na kasema nisisahau kukuuliza: unahamia lini?"