Mkia wa Doa

Kwanza Mghoi alisikia kucha za mbwa wake, Doa, zikikwaruza sakafu. Miguu ya nyuma ilikuwa inakufa. Siku hizi kila mbwa huvaa ukanda wa shingoni unaopima furaha yake. Taa yake ikiwa nyekundu, gari la madaktari wa mifugo huja kumchukua akauawe bila maumivu. Mghoi akang'amua kwamba ukanda husoma mkia, na Doa hutikisa mkia kila anapomwona akirudi. Basi akawa anatoka, anarudi, anatoka tena.

“We mjukuu, nikukaribishe mara ngapi?” bibi alimtania.

Taa ikabaki kijani. Leo Doa alijikokota kumpokea, akaanguka mlangoni, mkia bado unapiga sakafu. Mghoi akaketi, akampakata.

“Umechoka,” akamwambia. “Anayeogopa ni mimi.”