Mkeka Usiokatiwa Bima

Dalali Mbaruku alisimama barazani na ufunguo mkononi. Kampuni iliyomtuma ilikuwa na sharti lake: mpangaji akatie bima vyombo vyake kwanza, ndipo aingie.

"Haya, nitajie vyako, mama."

Bi Mwanasiti, mpangaji mpya, alimwonyesha kitanda, jiko la gesi na sanduku la nguo, vyote vimeshushwa hapo barazani. Dalali akaviingiza kwenye simu. Kisha akauona mkeka uliokunjwa, ukili mmoja, ule utepe wa ukindu uliosukwa, ukining'inia pembeni, haujashonwa.

"Na huu?"

"Huo uache."

"Ukiungua si utalipwa? Utanunua mpya."

Bi Mwanasiti aliutandika taratibu. "Huku kote nimesuka mimi. Huu unaoning'inia kausuka dada yangu. Mkono wake ulikuwa mzito, unaona? Alitangulia mbele ya haki kabla hatujaushona. Sasa mkinilipa, itakuwa tumemalizana. Nami sitaki kumalizana naye."

Mbaruku aliirudisha simu mfukoni. Vile vitatu vilitosha. Akatazama chini, akaona viatu vyake, ambavyo huingia navyo katika kila nyumba, vimekanyaga ncha ya mkeka. Akavivua, akaviweka kando, akampa ufunguo.

Bi Mwanasiti aliufunga kwenye pindo la kanga, lakini mlango hakuufungua. Aliketi, akatoa sindano na uzi.

"Nishikie hapo, baba," alisema, akimpa ncha ya ukili wa dada yake. "Usivute sana. Nataka niingie naye ndani."

Dalali akachuchumaa, akaushika kwa vidole viwili.