Tumbo la Siku ya Mtihani

Safari ya nne chooni, na chai mezani bado haijapoa.

"Mume wangu, umehamia huko?" mkewe aliuliza nyuma ya mlango.

"Tumbo."

"Si tumbo. Ni mtihani."

Wote wawili walikuwa sahihi. Utumbo wake ulikuwa mkorofi tangu ujana, lakini walikuwa wamezoeana. Ulipata wazimu miezi mitatu iliyopita, ulipoingia huu mtihani wa udereva. Kila tarehe ikikaribia, usingizi unamkimbia na tumbo linachafuka.

Daktari alimweleza bila kuzunguka. Wasiwasi unapandisha homoni inayoitwa kotisoli, na homoni hiyo inauweka mwili macho kama mlinzi aliyesikia kishindo. Mwenye utumbo kama wake asipolala, utumbo unakasirika. Ukikasirika, unamwamsha tena.

"Ni mduara," daktari alisema. "Usipoukata, mwezi huu nakulaza wodini."

"Huko wodini nitapata usingizi?"

"Hapana."

Sasa mkewe alikuwa anamnyoosha kola. "Nisikilize. Mara tatu zimetosha, majirani wameanza kutucheka. Neno 'kufeli' likiingia tena humu ndani, utajipikia mwenyewe."

"Na gari likigonga mtu?"

"Limgonge nani saa tatu asubuhi? Watu wako kazini."

Alikwenda kwa miguu, taratibu, amekaza meno na kila kitu kingine kinachokazika.

Kwenye uwanja wa majaribio, karani alipomwona alicheka mpaka akashika meza. "Umekuja! Nilijua leo utatuma cheti cha hospitali."

"Nibadilishe na mtu, ndugu yangu. Hali yangu unaiona."

"Na nani? Wenzako wote nimewabembeleza. Mmoja kazima simu, mwingine kajifungia stoo."

"Choo kiko wazi?"

"Kwako wewe, siku zote."

Huko ndani alivuta pumzi kama daktari alivyomfundisha: ingiza kwa kuhesabu nne, toa kwa kuhesabu sita. Akanawa uso. Kwenye kioo, macho yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyemenya vitunguu gunia zima. Dakika ishirini tu, alijiambia. Dakika ishirini, halafu nikalale mpaka kesho.

Gari lilikuwa limeshaegeshwa, linamsubiri. Alifungua mlango wa upande usio na usukani, akaketi, akafunga mkanda na kuweka fomu ya kutolea alama mapajani.

"Shikamoo, mama," alimwamkia mama mkwe wake, aliyekuwa ameung'ang'ania usukani kwa mikono miwili kama anakamua blanketi. "Leo nakuomba kitu kimoja tu. Lori likija, usifumbe macho."