Kofia ya Viua

Bi Mwanahawa alikuwa akikuna nazi kando ya jiko la makaa. Binti yake Salha, aliyekuwa akimrekodi kwa simu, hakuridhika.

"Mama, mbona hulii?"

"Leo moyo umetulia, mwanangu. Alhamdulillahi."

Video zao za mapishi hazikuwa na watazamaji wengi mpaka siku ile mama, akikoroga mchuzi, alipomkumbuka marehemu mumewe akalia kwa kwikwi. Mji mzima ulimtazama. Tangu hapo hakuna aliyeuliza tena habari za viungo.

"Wenzetu wana makampuni, wana taa na wapiga picha," alisema Salha. "Sisi tuna machozi yako tu."

"Basi tungoje yaje yenyewe."

"Tukingoja, watatusahau."

Salha aliingia chumbani akatoka na kofia ya viua. Bi Mwanahawa alimshonea mumewe kofia ile wakati wa uchumba, tundu kwa tundu, na siku ya kugawa nguo za marehemu ndiyo pekee aliyokataa kuitoa.

"Hiyo ya nini tena?" aliuliza mama, akitabasamu.

Salha akaitupa kwenye makaa.

Mama akapiga ukelele, akatia mkono motoni. Binti akasogeza simu karibu.

"Usiitoe haraka, mama. Geukia huku."

Bi Mwanahawa akageuka, kofia ikiwaka kiganjani. Hakuitazama simu. Alimtazama mwanawe, na macho yake yalikuwa makavu.