Manyoya ya Shingo

"Hayafai, Mama Tunu."

"Hayafai vipi? Jogoo wangu wa pekee nimemchinja kwa ajili yako!"

Fundi Ngolo hufunga manyoya kwenye ndoana yafanane na mdudu, samaki adanganyike. Alikuwa amemwahidi Mama Tunu kazi akimletea manyoya mazuri ya shingo. Aliukunja unyoya mmoja, akauachia. Ukabaki umepinda.

"Ulimtia maji ya moto?"

"Sasa kuku ananyonyolewaje?"

"Akiwa mkavu, mama. Haya umeyapika. Unyoya mzuri ukiukunja unarudi wenyewe."

Mama Tunu alijaribu mwingine, kisha wa tatu. Yote yakabaki yamepinda.

"Na kazi?"

Fundi akatikisa kichwa, akarudi kwenye ndoana zake.

"Basi mchuzi wa huyo jogoo uko jikoni kwangu. Karibu ule."

Mama Tunu akageuka, akaondoka, manyoya kayaacha mezani.