Kilio Kilichobaki

Mhariri wa filamu alikuwa akimwonyesha jenerali filamu ya vita katika ukumbi mdogo. Jenerali, aliyepigana vita hivyo mwenyewe, alikuwa ameagiza moto wa kijijini uondolewe, kwa kuwa askari wetu hawachomi nyumba za watu. Mhariri alikata picha zote za moto huo. Sauti akaisahau.

Sasa askari walipeperusha bendera kwenye skrini, wakicheka, na palepale mtoto akasikika akilia.

Jenerali aliacha kutafuna karanga. "Huyo mtoto yuko wapi?"

"Samahani, mkuu. Hayumo kwenye picha." Mhariri alinyoosha mkono kupunguza sauti.

"Hata siku ile hatukumwona," jenerali alisema taratibu. "Tulimsikia tu."

Kisha akageuka kuangalia nani mwingine amesikia. Viti vyote vilikuwa vitupu, isipokuwa cha mhariri.